Kazi ya enjinia wa gaidansi na kontroli kwenye makombora na ndege za kijeshi: maswali mnayouliza sana

Madogo wengi wananiuliza kuhusu hii kazi. Wengine wako chuo Nairobi, Dar au Kampala, wengine tayari wako huku Marekani wanasoma uinjinia na wameona tangazo la kazi lenye hela nzuri halafu chini kabisa limeandikwa lazima uwe raia. Maswali ni yale yale kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Nitaongelea Marekani zaidi manake ndiko ninakofanyia kazi na ndiko kazi hizi ziliko nyingi. Vitu vya siri havimo humu, nilichoandika kiko kwenye vitabu na ripoti zilizotolewa hadharani.

Hivi mtu wa gaidansi na kontroli anafanya nini hasa?

Chukua kitu chochote kinachojiendesha chenyewe angani, iwe droni, kombora, roketi au satelaiti. Kila sehemu ndogo ya sekunde lazima kijibu maswali matatu: niko wapi na nimekaaje, nipite njia gani kufika ninakotakiwa, na nisukume kipi sasa hivi ili niifuate hiyo njia. La kwanza ni navigesheni, la pili gaidansi, la tatu kontroli, na huku wameyaunganisha wanaita GNC, kwenye matangazo ya kazi utaziona hizo herufi tatu kila mahali. Sisi ndo tunaoandika hesabu na kodi (maandishi ya programu ya kompyuta, sio kodi ya serikali) zinazojibu hayo maswali. Injini wanatengeneza wengine, mapezi wengine, sensa (vifaa vya kupima) wengine, lakini vyote vinaishia kwetu, sababu kombora likiwa zito kuliko walivyosema au pezi likichelewa kugeuka ni kodi yetu ndo itayumba.

Nikupe mfano wa gaidansi maana ndo sehemu watu wanaiona kama uchawi. Manahodha wanajua tangu zamani kwamba ukikiona chombo kingine kimekaa pembe ile ile kwako, hakisogei mbele wala nyuma ila kinazidi kuwa kikubwa tu, basi mnaenda kugongana. Nahodha anageuza usukani akwepe. Kombora la kutungulia ndege linaitafuta hiyo hali makusudi: linapima mstari wa kutoka kwake mpaka kwenye shabaha unazunguka kwa kasi gani, halafu linakata kona kwa nguvu inayolingana na kasi hiyo ili mstari uache kuzunguka. Kuna namba ya kuzidishia hapo katikati, vitabu vinakwambia iwe kati ya 3 na 5. Basi. Kombora la Sidewinder, alilolianzisha William McLean na wenzake kule China Lake, California, lilipiga ndege ya majaribio isiyo na rubani mwaka 1953 kwa wazo hilohilo bila kompyuta yoyote ya kidijitali ndani yake, na mpaka leo sheria nyingi za gaidansi ni watoto wa hiyo sheria moja.

Siku ya kawaida inakuaje? Mnarusha makombora kila wiki?

Hapana, na mtu akikuambia hivyo anakudanganya. Muda mwingi unakaa mbele ya kompyuta na simulesheni, yaani unaigiza urukaji ndani ya kompyuta. Unajenga modeli ya chombo kizima, kinavyosogea pande tatu na kinavyozunguka pande tatu, unaweka upepo, unaweka hewa inavyopungua ukipanda juu, unaweka sensa zenye makosa yake, halafu unairusha mara elfu kadhaa na kila mara unabadilisha vitu kidogo: uzito, joto, upepo, sensa imekosea kiasi gani. Asubuhi unafungua matokeo unatafuta zile chache zilizoharibika. Kuanzia hapo ni upelelezi, na mimi ndo napapenda, sababu mara nyingi ile moja iliyoanguka kati ya elfu ndo inakuonyesha kitu ambacho timu nzima ilikuwa haijui.

Baadaye inakuja hatua ya kuunganisha kompyuta halisi ya kombora maabara, sensa zinafungwa juu ya meza inayozungushwa na mota ili ziamini ziko angani kweli. Halafu vikao, vikao vingi, na maandishi mengi kuliko kodi. Jaribio la kweli uwanjani linaweza kuchukua dakika moja na wewe umeliandaa kwa miaka, ukishindwa kuvumilia hilo hii kazi itakuchosha mapema.

Hesabu zake ni ngumu kiasi gani?

Ngumu lakini sio za kiajabu. Matriksi lazima zikae kichwani kabisa. Kalkulasi na milinganyo ya mwendo, takwimu, na mekaniki ya vitu vinavyozunguka, ambayo wengi wanaikimbia chuo halafu wanakuja kuijutia. Kuna kitu kinaitwa kwatenioni, namba zenye sehemu nne, William Rowan Hamilton alizigundua Dublin mwaka 1843, sisi tunazitumia kuelezea chombo kimegeukia wapi sababu zile pembe tatu za kawaida zinagoma ukifika mkao fulani.

Halafu filta ya Kalman. Kama utasoma kitu kimoja tu kwenye hii orodha soma hicho. Rudolf Kalman aliichapisha mwaka 1960, Stanley Schmidt na wenzake wa NASA kule Ames wakaona hii ndo dawa ya kumpeleka mtu mwezini na kumrudisha, na Apollo ikaitumia kweli. Wazo lake: una jairo (sensa ya kupima kuzunguka) na akselerometa (sensa ya kupima kuongeza kasi) zinazokuambia umesogea kiasi gani mara mamia kwa sekunde, ni za haraka lakini kosa linajilimbikiza, mfumo mzuri wa ndege ukiachwa peke yake unaweza kupotea kama kilomita mbili kila saa. Upande mwingine una GPS, haijilimbikizii makosa lakini inakuja taratibu na adui anaweza kuivuruga. Filta inachukua zote mbili, inaziamini kwa kadiri kila moja inavyostahili, na (hapa ndo uzuri wake) inakuambia pia makadirio yake yenyewe yanaweza kuwa yamekosea kwa kiasi gani. Enjinia wa navigesheni asiyeweza kukuambia ukubwa wa kosa lake bado hajafanya kazi.

Mbona mnasisitiza sana vitu vidogo kama saa na desimali?

Sababu watu wamekufa kwa vitu hivyo.

Tarehe 25 Februari 1991, vita ya Ghuba, mji wa Dhahran, Saudi Arabia. Betri ya Patriot (kikosi cha mitambo ya Marekani ya kutungua makombora) ilikuwa inalinda eneo hilo na ilikuwa imewashwa mfululizo zaidi ya saa 100. Kompyuta yake ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na sehemu moja ya kumi ukiiandika kwa mfumo wa sifuri na moja haiishi, inaendelea tu kama theluthi inavyoendelea kwenye desimali zetu, kwa hiyo ilikatwa ili iingie kwenye nafasi ya biti 24, yaani tarakimu 24 za sifuri na moja. Kosa la kila hesabu lilikuwa dogo mno, lakini baada ya saa 100 likawa kama theluthi moja ya sekunde. Kombora la Scud, walilokuwa wanarusha Wairaki, linakwenda zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde. Theluthi ya sekunde ni zaidi ya nusu kilomita. Rada ikatazama pahali ambapo Scud haipo, ikaona hakuna kitu, ikanyamaza, na kombora likaangukia kambi ya wanajeshi wa Marekani, wakafa 28. Ripoti ya wakaguzi wa bunge la Marekani ya mwaka 1992 ilieleza kwamba Waisraeli walishaona tatizo hilo wiki mbili kabla wakatoa taarifa, na softiwea iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26. Siku moja baadae.

Cha pili ni Ariane 5, roketi ya Ulaya, ilirushwa Kourou kule French Guiana tarehe 4 Juni 1996 na haikumaliza hata dakika moja. Kodi ya sensa za navigesheni ilichukuliwa kwenye Ariane 4 ambako ilifanya kazi vizuri kabisa, lakini Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya mlalo mwanzoni, namba ikakua ikashindwa kuingia kwenye biti 16, kompyuta ikajizima. Ya akiba nayo ilikuwa na kodi ile ile kwa hiyo ilikuwa imeshajizima kwa sababu ile ile. Kompyuta kuu ikapokea ujumbe wa hitilafu ikaufikiria ni data ya mkao, ikageuza nozeli (midomo ya injini) mpaka mwisho, roketi ikavunjika. Na kipande hicho cha kodi kilichosababisha yote hakikuwa na kazi yoyote baada ya kuruka.

Nawaambia vijana wote wanaoanza wasome hizo ripoti mbili zote kabla hawajaandika mstari wa kwanza. Hakuna aliyekuwa mjinga pale. Walikuwa na modeli ya dunia vichwani mwao, dunia ikabadilika, hakuna aliyerudi kuuliza kama modeli bado ni kweli.

Nimezaliwa Afrika Mashariki, naweza kuajiriwa?

Hapa ndo watu wengi wanakwama, na sio sababu ya hesabu. Marekani kuna sheria za usafirishaji wa silaha zinaitwa ITAR. Chini ya hizo sheria hata mchoro, hata kodi, hata maelezo ya mdomo kuhusu kombora yanahesabika kama silaha, na kumuonyesha mtu asiyeruhusiwa ndani ya ofisi ya Texas ni sawa na kuisafirisha nje ya nchi. Anayeruhusiwa ni raia, mwenye grini kadi, na pia mkimbizi au mtu aliyepewa hifadhi kisheria. Hiyo ya mwisho naisema kwa sauti kwa ndugu zetu waliotoka Congo na Burundi wakaja kama wakimbizi, sababu wengi hawajui kwamba kwa ITAR peke yake tayari mnaruhusiwa, na nimesikia watu wakikatishwa tamaa bure.

Mwenye viza ya mwanafunzi yuko nje ya hiyo orodha. Kampuni inaweza kukuombea leseni lakini kwa kazi ya mtu anayeanza haitahangaika, tusidanganyane.

Halafu kuna ngazi ya pili ambayo ni kibali cha usalama, na hicho ni cha raia. Sio kazi zote zinakihitaji lakini kwenye makombora nyingi zinahitaji. Njia ya kawaida ni grini kadi, miaka mitano, unaomba uraia. Mkenya anaweza kubaki na uraia wake tangu katiba ya 2010. Mtanzania kwa sheria za nyumbani hawezi kuwa na viwili, ukichukua wa Marekani umeachia wa kwetu, na huo ni uamuzi mzito ambao usiufanye kwa sababu ya tangazo la kazi. Ongea na wazazi, ongea na mwenza wako.

Hicho kibali wanachunguza nini? Nikituma hela nyumbani si watanikataa?

Hauombi mwenyewe, kampuni ndo inakuombea baada ya kukupa kazi, na mtu akikuambia umlipe akupatie kibali kimbia. Unajaza fomu ndefu inaitwa SF-86: umeishi wapi, umefanya kazi wapi, umesafiri wapi, ndugu zako ni kina nani na ni raia wa wapi, marafiki walioko nje, madeni, dawa za kulevya. Wanapima kwa vigezo 13 na kimojawapo ni ushawishi wa nje, yaani kama kuna mtu anaweza kukubana kupitia mama yako aliye Tanga.

Kutuma hela kwa wazazi sio kosa. Kumsomesha mdogo wako sio kosa. Kuficha ndo kosa. Uandike yote, na sisi kwetu ndugu ni wengi, shangazi anayeishi na wewe tangu utotoni, binamu mnayeongea kila wiki, mjomba aliyekuwa jeshini, usimwache mtu sababu unaona atakuharibia. Wachunguzi wameshaona familia kubwa. Watu wanaonyimwa wengi ni wale wa madeni yasiyolipwa na wale waliodanganya kitu kidogo ambacho wangekisema kisingewadhuru. Na bangi, hata kama jimbo lako limeruhusu, serikali kuu bado haijaruhusu.

Uchunguzi unaweza kuchukua miezi mingi, na ukipata kibali hawaachi kukuangalia.

Mshahara?

Mzuri. Takwimu za serikali za mwaka 2023 ziliweka enjinia wa anga wa katikati kwenye kama dola 130,000 kwa mwaka, anayeanza yuko chini ya hapo, mwenye kibali na uzoefu yuko juu. Angalia mji pia: Huntsville kule Alabama au Tucson, Arizona maisha ni nafuu kuliko Los Angeles au Boston, na Huntsville na Tucson zimejaa hizi kazi.

Dhamiri inakuruhusu? Unatengeneza vitu vya kuua watu.

Hili ndo swali ninaloliheshimu kuliko yote humu na wanaouliza mara nyingi ni dada na kaka wenye dini zao, Waislamu na Wakristo.

Hii fani ilizaliwa vitani. V-2 ya Wajerumani, iliyoanza kupiga London Septemba 1944, ndo kombora la kwanza la masafa marefu kuongozwa na jairo na akselerometa, na iliundwa ndani ya mahandaki na wafungwa waliolazimishwa kwenye kambi ya Mittelbau-Dora. Wanahistoria wanasema waliokufa wakiyatengeneza ni wengi kuliko waliouawa nayo. Maenjinia walikuwa wanapita humo humo. Walikuwa watu wa hesabu kama sisi.

Utasikia wenzangu wakisema usahihi unaokoa raia. Kuna ukweli hapo, mabomu ya zamani yalikuwa yanateketeza mtaa mzima kutafuta daraja moja. Lakini ujue namba zinasema nini. Usahihi tunaupima kwa mduara ambao nusu ya mabomu yanaangukia ndani yake. Jeshi la anga la Marekani linaandika kwamba bomu la JDAM (bomu la kawaida lililofungwa kifaa cha kuliongoza) likiwa na GPS mduara wake una nusu kipenyo cha mita 5 au pungufu, na GPS ikivurugwa ni mita 30. Nusu ndani, maana yake nusu nyingine nje. Na hata likiangukia katikati kabisa, gaidansi haijui ndani ya nyumba kuna nani, aliyechagua hiyo nyumba ni mtu mwingine na kodi yangu inamtii. Mimi siwezi kusema mikono yangu haihusiki eti kwa vile sikubonyeza kitufe.

Nilichofanya mimi ni kuchagua upande wa kuzuia, makombora yanayotungua makombora, na nilishakataa kazi nyingine kwa sababu hiyo. Kuna wenzangu wanaoona hata hilo halinisafishi, kwamba ngao inampa mwenye upanga ujasiri, na ni hoja nzito, siidharau. Ninachokuomba amua mstari wako uko wapi kabla hujasaini mkataba, uandike mahali, sababu ukishazoea mshahara na umeshachukua nyumba kwa mkopo, kuuchora huo mstari inakuwa ngumu sana. Na ujue hutaweza kumsimulia mkeo wala mama yako ulichofanya leo kazini. Hilo nalo ni zito, kwa watu wa kwetu tunaokaa tukaongea.

Kuna kazi kama hii isiyo ya silaha?

Ipo, na hesabu ni zile zile, ndo maana nasema jifunze kwanza fani halafu uamue uipeleke wapi. Satelaiti inageuzwa kwa magurudumu yanayozunguka ndani yake na inajua mkao wake kwa kupiga picha nyota. Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX, inaposhuka kusimama wima ni gaidansi na kontroli. Droni za kampuni ya Zipline zinazopeleka damu hospitali za Rwanda tangu 2016 zina filta zile zile nilizosema.

Na sisi hatujatoka patupu. Pwani ya Kenya karibu na Malindi Waitaliano walikuwa na jukwaa la San Marco katikati ya maji, roketi za Scout zilirushwa pale kuanzia 1967 mpaka 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikaruka satelaiti ya kwanza duniani kutengenezwa maalum kwa kuangalia nyota kwa mionzi ya eksirei, wakaiita Uhuru. Scout ilikuwa inaongozwa na jairo na hatua yake ya mwisho haikuwa na gaidansi kabisa, ilizungushwa tu kwa kasi ili isiyumbe. Mwaka 2023 Kenya ikarusha Taifa-1 kwa Falcon 9 kutoka California, na pale JKUAT kuna wanafunzi wa mradi wa Nakuja wanaounda roketi zao wenyewe. Ukiwa Juja nenda kagonge mlango.

Sina hela ya MATLAB, nianzie wapi?

MATLAB ni programu ya kulipia ya hesabu na simulesheni. Badala yake tumia Octave na Python, ni bure. Andika simulesheni yako ya kitu kidogo, mpira unaorushwa, kisha uongeze hewa, kisha upepo, kisha uwekee sensa yenye makosa na filta ya kuirekebisha. Usishushe ya mtu mwingine. Ukimaliza hapo fungua kodi za ArduPilot au PX4, ni otopailoti za kweli zinazorusha droni duniani kote na kodi zote ziko wazi, soma jinsi wanavyofanya filta yao, na zote zina simulesheni kwa hiyo hata droni huhitaji kununua. Jifunze C++ pia sababu ndani ya chombo Python haiendi.

Kwenye intavyuu wanauliza nini?

Wanakupa kalamu na ubao. Chora mfumo wenye chemchemi na uzito, andika mlinganyo wake, niambie utatulia au hautatulia. Kontrola ya PID (inayosahihisha kwa kosa la sasa, jumla ya makosa yaliyopita na kasi ya kosa kubadilika) ukiongeza ile sehemu ya kujumlisha inatokea nini. Kwa nini tunataka akiba ya desibeli 6 za ukuzaji na digrii 30 mpaka 45 za ucheleweshaji kabla mfumo haujaanza kuyumba. Sensa mbili zinapingana, unamwamini nani na kwa nini. Mtu akikwama hatumkatai kwa hilo, tunaangalia anakwamaje.

Mimi nikiwa upande wa kuuliza huwa namalizia kwa kumuomba anionyeshe simulesheni yake yoyote, hata ya chuo, halafu namuuliza angejuaje kama inamdanganya. Wanaojibu vizuri wanakuwa na orodha: nilizima hewa nikalinganisha na hesabu ya mkono, nilipunguza hatua ya muda nikaona jibu halibadiliki, nilimpa rafiki yangu aandike yake bila kuona yangu tukalinganisha. Kama umefanya hata moja kati ya hizo iweke kwenye CV yako, juu kabisa, kabla ya GPA.